Rouzig Anakula Vizuri

Hospitalini, Morlaix
6 Oktoba 1974

Mwanangu Soazig,

Salamu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba kazi ya samaki wa kopo bado unayo huko Douarnenez. Mimi si mzima. Vumbi la machimbo limenikaa mapafu yote mawili. Miaka thelathini na mbili nimepasua mawe ya kuezekea nyumba za watu, na sasa nikipanda ngazi nne napumua kama mvukuto wa mhunzi. Daktari anasema sitoki hapa mpaka baridi iishe.

Najua hatujaandikiana tangu harusi ya binamu yako, miaka sita hii. Sikuandikii kwa ajili ya hayo. Nakuandikia kwa ajili ya Rouzig.

Humjui. Ni kitukuu wa yule mbwa uliyekuwa ukimwogopa utotoni. Ana miaka minne, rangi ya ngano iliyoiva, manyoya magumu kama brashi, na mguu mfupi kuliko kiatu changu cha kazi. Jirani yangu, Mama Jaffrenou, amekaa naye wiki mbili na amechoka, kwa hiyo atakuletea kwa basi Jumamosi. Wawindaji wenzangu siwapi. Watamtupa bandani na mbwa wao kumi.

Sasa sikiliza. Hawa mbwa wafupi wamezoea kuishi kundini. Ukimfungia peke yake saa mbili, atalia mpaka mtaa mzima ulijue jina lako. Masikio yake yananing'inia na hayapati hewa: msafishe kila Jumapili kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu, taratibu, na unuse. Yakinuka, mwone daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Ngazi mbebe, kupanda na kushuka, maana mgongo ni mrefu na ukiteguka ndiyo basi. Nje usimfungue kamba kamwe. Pua yake ikishika sungura, masikio yanakufa. Chakula atakuomba kwa macho, usimwamini, huyo hashibi.

Ni mbishi. Ukimwambia kaa, anakutazama kwanza aone kama unasema kweli. Usimpigie kelele. Na usimpige. Ukimpiga mara moja tu, hata kwa gazeti, moyo wake unafunga na haufunguki tena. Mimi sijawahi kumnyanyulia mkono.

Niandikie akifika.

Baba


Douarnenez, 20 Oktoba 1974

Baba,

Salamu. Mimi mzima. Pole kwa mapafu.

Mbwa wako amefika. Mama Jaffrenou alinikabidhi kamba pale kituoni, akaniambia, "Binti, Mungu akusaidie," akapanda basi lilelile kurudi. Siku ya kwanza niliporudi kutoka kazini nilimsikia tangu kona ya kanisa. Jirani wa chini alikuwa anagonga dari kwa ufagio: "Wewe wa juu! Unachinja mtu humo?" Tangu siku hiyo naenda naye kiwandani. Anakaa uani kwenye makreti. Sisi tukiimba tukipanga samaki, naye anaimba, na wenzangu wanacheka mpaka wanakosea kuhesabu. Wanampa vichwa vya samaki.

Barua yako ina kurasa nne, nimeisoma mara tatu. Pale uliposema hujawahi kumnyanyulia mkono nimepasoma mara nyingi zaidi. Nilikaa mezani nimeshika taya langu la kushoto, hapa ambapo bado panagonga nikitafuna.

Bintiyo


Morlaix, 27 Oktoba 1974

Soazig,

Salamu, natumaini mu wazima wote wawili. Mimi nakohoa.

Vichwa vya samaki! Unataka kumuua? Mwambie yeyote anayempa ale mwenyewe. Mkate mkavu, mchuzi usio na chumvi, nyama kidogo. Hujasema kitu kuhusu masikio.

Hilo la taya ni la zamani. Siku zile kila mtu alipiga watoto wake, na wewe ulikuwa mkaidi. Usiniambie na Rouzig ni mkaidi. Yeye ni mbishi, kuna tofauti. Halafu mbwa hana kinyongo. Jifunze kwake.

Baba


Douarnenez, 3 Novemba 1974

Baba,

Salamu. Rouzig ameanza kutikisa kichwa, na sikio la kulia linanuka. Jana na leo hajala. Nitakuandikia.

Bintiyo


Morlaix, 6 Novemba 1974

Soazig, salamu. Hajala? Rouzig? Mpeleke kwa daktari leo, usingoje Jumamosi. Kama ni mbegu ya nyasi imeingia sikioni itatoboa ngoma. Nijibu upesi.

Baba


Morlaix, 17 Novemba 1974

Mwanangu Soazig,

Natumaini u mzima. Siku kumi na moja sijapata barua. Nesi anasema barua za wengine zinafika. Sikio vipi? Niambie tu kama anakula. Neno moja linatosha.

Baba


Morlaix, 1 Desemba 1974

Mwanangu,

Kama amekufa, sema. Hapa wodini mleta barua anapita saa nne, na kuanzia saa tatu mimi natazama mlango. Wenzangu wananitania kwamba nina mpenzi. Silali. Tafadhali.

Baba


Douarnenez, 15 Desemba 1974

Baba,

Salamu za Noeli. Natumaini unaendelea vizuri.

Rouzig mzima. Sikio lilikuwa na uchafu, daktari alilisafisha, siku tatu likapona. Amenenepa. Barua zako zote zimefika, nimezipanga juu ya kabati. Sikujibu kwa kuwa nilitaka uonje.

Mama alipokufa ulinipeleka bweni la masista huko Carhaix. Nilikuwa na miaka saba. Ulinishusha langoni ukasema, "Nitakuja Jumapili." Kila Jumapili nilivaa koti baada ya misa nikakaa kwenye benchi la ukumbi, koti limefungwa vifungo vyote, mpaka kengele ya chakula cha jioni. Nilikaa hivyo tangu Oktoba mpaka Januari. Ndipo sista mmoja akaniambia, "Vua koti, binti. Huu msimu wa sungura, baba yako yuko na mbwa wake."

Wewe umesubiri wiki sita, tena kitandani, tena unaletewa supu.

Bintiyo


Morlaix, 5 Januari 1975

Soazig,

Heri ya mwaka mpya.

Umenifanyia unyama, na mimi mgonjwa. Niliwasomea wenzangu wodini barua yako, hata yule mlevi wa Plougasnou akasema mtoto wa namna hiyo yeye asingemfungulia mlango.

Nilikuwa mjane mwenye kazi ya machimbo. Ningejua kukusuka nywele? Masista walikulisha, walikufunza kusoma. Hao mbwa ndio walionifanya niamke asubuhi mwaka ule. Sisemi zaidi.

Nina ombi. Mbwa hawaruhusiwi ndani, lakini dirisha langu, ghorofa ya pili, la tatu kutoka kona, linatazama barabara. Jumapili ya pili ya Februari, saa tisa mchana, msimamishe Rouzig ng'ambo ya barabara nimwone. Sijawahi kukuomba kitu. Naomba.

Baba


Douarnenez, 10 Februari 1975

Baba,

Salamu. Natumaini hukupata baridi kwa kusimama dirishani.

Ulituona, nilikuja. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi, na Rouzig mapajani. Nilisimama robo saa kwenye mvua. Umekonda mpaka sikukutambua mara moja. Ulikuwa na pajama za mistari, unagonga kioo, unapunga mikono yote miwili. Rouzig hakuinua kichwa, alikuwa ameshika harufu ya paka mtaroni. Mimi nilikupungia mkono. Nikapunga tena. Nikafikiri, labda macho yako mabovu sasa.

Kisha ukanifanyia ishara, nikaona macho yako hayana shida yoyote. Ulijishika kola, ukaonyesha koti langu, ukaonyesha chini. Ulitaka nivue koti nimfunike mbwa.

Bintiyo


Morlaix, 2 Machi 1975

Soazig,

Salamu. Ulimfunika?

Wananitoa tarehe sita Aprili. Daktari anasema siwezi kukaa peke yangu, lazima awepo mtu wa kupika na kuwasha moto. Tutaona. Jambo la kwanza nataka Rouzig awe nyumbani siku hiyo nikifika.

Baba


Douarnenez, 9 Machi 1975

Baba,

Salamu, na pole na safari inayokuja.

Nimefikiri sana kabla ya kuandika haya. Kiwandani wanapunguza watu, nami naweza kuondoka. Naweza kurudi nyumbani kukaa na wewe. Nitapika, nitawasha moto, nitakushika mkono kwenye ngazi. Lakini nikija mimi, Rouzig haji. Atabaki na Mama Tallec, mwenzangu wa kiwandani, ana bustani na anampenda. Nataka tukae mezani mimi na wewe bila mbwa katikati.

Au aje Rouzig, mimi nibaki huku.

Chagua. Sitakasirika. Huo ni uongo, nitakasirika, lakini chagua.

Bintiyo


Morlaix, 16 Machi 1975

Soazig,

Salamu. Mtume Rouzig. Mama Jaffrenou atanipikia.

Baba


Douarnenez, 6 Aprili 1975

Baba,

Natumaini umefika nyumbani salama. Mama Jaffrenou amemchukua Rouzig leo asubuhi.

Utamkuta amebadilika kidogo. Hataki tena kulala chini, analala miguuni kwangu, na akiota anapiga mbio, basi namwekea mkono mgongoni anatulia. Maji ya sikioni yawe ya moto kidogo kuliko ulivyoniambia, hivyo hashtuki. Kucha zake hupenda nizikate wakati nakaanga chapati nyembamba za krepi, maana anasubiri kipande na anasahau mguu. Manyoya yaliyokufa yanyonyoe kwa vidole, usitumie mkasi. Radi anaiogopa. Mvua haiogopi. Ukitoka, mwambie unarudi saa ngapi. Najua ni upuuzi, lakini mimi humwambia, naye hukaa kimya mpaka saa hiyo. Ukipitiliza ndipo anapolia.

Kituoni aliketi akakataa kupanda basi. Nilimbeba nikampandisha. Alinitazama kupitia kioo cha nyuma mpaka basi likakata kona.

Naona nimejaza kurasa nne. Huu ni ugonjwa wa ukoo.

Bintiyo


Kerzuvel, 13 Aprili 1975

Soazig,

Salamu kutoka nyumbani. Amefika. Alininusa mikono yote miwili, akanikumbuka, mkia ukacheza, halafu akaenda kulala mlangoni. Bado analala hapohapo. Atazoea.

Baba


Kerzuvel, 1 Mei 1975

Mwanangu Soazig,

Salamu. Samahani kwa kukawia, nilianguka kidogo, sasa nimesimama. Hali ya hewa nzuri. Rouzig anakula vizuri. Ameacha mlango, analala jikoni karibu na moto.

Baba


Douarnenez, 11 Mei 1975

Baba,

Salamu. Nimefurahi kusikia kwamba anakula. Pole kwa kuanguka. Na masikio? Analala kwenye nini hapo jikoni? Niambie kila kitu.

Bintiyo


Kerzuvel, 25 Mei 1975

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Masikio masafi, nimefuata maji yako ya moto, ulikuwa sahihi. Analala kwenye koti langu la zamani la machimbo. Jana tulikwenda mpaka kwenye vichaka vya miiba nyuma ya kanisa, akamkurupusha sungura, akaimba kama kengele za Pasaka. Nilimshika kamba vizuri, usiwe na wasiwasi. Mama Jaffrenou anasema ananipa uhai.

Baba


Douarnenez, 15 Juni 1975

Baba,

Salamu. Sungura mkubwa? Alimkaribia? Miguu haikumuuma baadaye? Mimi mzima, ila nimekatwa na bati la kopo kiganjani. Niandikie zaidi kuhusu Rouzig. Kiwandani wote wanamuulizia.

Bintiyo


Kerzuvel, 6 Julai 1975

Mwanangu mpenzi Soazig,

Salamu nyingi. Mkono vipi? Uoshe kwa maji ya chumvi, usiuache na unyevu wa samaki. Nimewaza juu ya mkono huo wiki nzima.

Sungura alikuwa mkubwa, alimkosa kwa pua tu. Nimemtoa kupe wawili shingoni. Juzi aliiba siagi mezani, nikamkaripia, akanitazama kama hakimu. Nilicheka mpaka kifua kikaniuma. Ningependa ungekuwepo uone. Unakula vizuri? Mama yako naye alikuwa akifanya kazi anasahau kula.

Niandikie.

Baba yako


Douarnenez, 27 Julai 1975

Baba,

Salamu. Aliiba siagi yote? Alitapika? Nieleze.

Bintiyo


Kerzuvel, 10 Agosti 1975

Mwanangu mpenzi,

Salamu. Hakutapika, tumbo lake la chuma. Sasa ni joto, namlaza kwenye jiwe la kisima. Huniambii kitu kuhusu wewe. Mkono umepona?

Baba yako


Douarnenez, 31 Agosti 1975

Baba,

Salamu. Natumaini u mzima, na hilo nalisema kweli.

Tarehe ishirini na sita Aprili nilipata ujumbe kutoka kwa askari wa Châteaulin. Mtengeneza barabara alikuwa amekuta mbwa mdogo wa rangi ya ngano kando ya njia kuu, amegongwa na lori. Shingoni alikuwa na kibati. Nilikitengeneza mimi kabla ya kumpandisha basi, nikachonga anwani yangu, sikuwa na moyo wa kuchonga yako. Nilikwenda siku hiyohiyo. Walikuwa wamemviringisha gunia. Kucha zimelika mpaka kwenye nyama. Kilomita zaidi ya thelathini, Baba, kwa miguu ile. Na alikuwa anakuja upande huu.

Nilimzika kwa Mama Tallec, chini ya ukuta wa bustani. Wiki moja baadaye ikafika barua yako: Rouzig anakula vizuri.

Nilishika kalamu nikuambie. Badala yake nikakuuliza analala kwenye nini. Nilitaka nione utafika wapi, nawe ukafika mbali. Ukamkimbiza sungura. Ukamsafisha masikio mbwa aliye chini ya udongo. Barua zako nilizisoma kwa sauti kiwandani wakati wa chakula, wakawa wanacheka. Ulipofika kwenye siagi wakaacha kucheka. Mama Tallec akaniambia, "Soazig, inatosha, huyo ni mzee." Sikuacha. Nikakuuliza kama alitapika.

Mara ya kwanza maishani mwangu umeniita mpenzi, na ilibidi mbwa afe.

Bintiyo


Kerzuvel, 9 Septemba 1975

Mwanangu Soazig,

Salamu. Sijui kama nina haki ya kuuliza afya yako.

Aliondoka tarehe ishirini na tatu. Nilifungua mlango kuingiza kuni, akapita katikati ya miguu yangu. Nilimwita mpaka sauti ikaisha. Nilifika kilima cha machimbo nikaanguka, Mama Jaffrenou akanikuta hapo nimelala kwenye mawe. Siku kumi na saba tangu afike hakuwa amekula karibu kitu chochote. Aliketi mlangoni akilia kila siku saa kumi na moja jioni. Nadhani ndiyo saa mliyokuwa mkirudi pamoja kutoka kazini.

Sikujua alikokwenda. Kila asubuhi nilitazama njia. Nilipoandika kwamba anakula, nilitaka nipate wiki moja, nimtafute, nisikuambie nimempoteza. Ikaja barua yako imejaa maswali. Soazig, tangu ukue hujawahi kuniuliza maswali. Nikajibu. Nikajikuta naamka nawaza leo Rouzig amefanya nini, ili nikuandikie. Yote ni uongo. Nilipouliza kuhusu mkono wako sikudanganya.

Sasa hakuna mbwa wa kuulizia. Niulize kitu kingine. Uliza kuhusu mama yako, alivyokufa, sijamwambia mtu. Uliza kwa nini sikuja Jumapili zile. Uliza lolote, nitasema kweli.

Baba yako


Kerzuvel, 21 Septemba 1975

Mwanangu, salamu. Uliza tu.

Baba yako


Douarnenez, 5 Oktoba 1975

Baba,

Salamu. Natumaini kifua kimetulia na kuni zinatosha. Mimi mzima. Mkono umepona, umebaki mshono.

Sina swali.

Jumapili nilikwenda kwa mfugaji mmoja nikachukua mtoto wa mbwa, aina ileile, jike, wiki tisa. Amekojoa kwenye viatu vyangu vyote. Ukimwambia njoo, anakaa. Ukimwambia kaa, anakuja. Juzi nilimfokea, akaingia chini ya kabati akitetemeka, nami nikalala sakafuni saa nzima, shavu kwenye mbao, namwomba radhi mpaka akatoa pua.

Nimempa jina. Nililiandika hapa, nikalifuta. Wewe hutalijua.

Kama unataka habari zake, uliza wewe. Kila barua nitaijibu. Siahidi kwamba nitasema kweli.

Bintiyo